Asubuhi Tatu za Maji Moto

Mikono yangu ilianza kutetemeka mwaka ambao mdogo wetu wa mwisho aliingia kidato cha kwanza. Mwanzoni vilikuwa vidole viwili vya mkono wa kulia, na katika mambo madogo tu: kifungo cha gauni kinakataa kuingia kwenye tundu lake, chumvi inamwagika kabla haijafika kwenye sufuria. Nikasema ni uchovu. Nafanya kazi mwaloni huku Rwamgasa, yaani pale tunapooshea udongo wa dhahabu, na mwaloni hakuna asiyechoka. Kisha ukafuata mkono wa kushoto. Kisha nikajikuta nikinywa chai nikiwa nimewapa watu mgongo.

Tuko watatu, wote wa kike, na mimi ndiye mkubwa. Baba alitangulia, mama akamfuata kabla miaka miwili haijaisha. Nilikuwa darasa la sita. Watu huniuliza niliamuaje kuacha shule. Sikuamua. Ndani kulikuwa na watoto wawili na hakukuwa na mtu wa kupika, basi siku ya kwanza nikapika, ya pili nikapika, na shule zilipofunguliwa nilikuwa nimeshazoea kuamka kuwasha moto.

Kazi ya mwaloni nilifundishwa na wanawake niliowakuta. Udongo ukishasagwa unaoshwa, na ule mchanga mzito unaobaki unautia kwenye karai, unaumwagia zebaki kidogo, unaukanda kwa mikono kama unga wa maandazi mpaka dhahabu yote ishikamane nayo. Unakamua kwenye kitambaa. Kinachobaki ni kidonge cheupe, laini, nacho unakichoma juu ya mkaa mpaka zebaki ipotee hewani na dhahabu ibaki na rangi yake. Wengi huchomea palepale mwaloni. Mimi nilikuwa nachomea jikoni kwangu, mlango nimeufunga, kwa sababu mwaloni kuna macho mengi. Wenye udongo walinipenda kwa hilo. Walisema mikono yangu haipotezi hata chembe.

Mikono hiyo ndiyo iliyomfikisha mdogo wangu anayenifuata kwenye chuo cha uuguzi, Shinyanga, na ndiyo iliyokuwa ikimweka wa mwisho bwenini. Sikuwa na kingine. Ndiyo maana nilificha.

Huyu wa chuo ndiye aliyenigundua, alipokuja likizo. Tulikuwa tunachambua mchele, akaniambia, "Dada, nyoosha mikono mbele." Nikacheka nikamwambia aache kunifanya mgonjwa wa mazoezi. Akaninyooshea mwenyewe, akachana karatasi kwenye daftari lake akailaza juu ya mkono wangu. Karatasi ikawa inapiga kelele, trrr, kama bawa la mdudu aliyenaswa.

"Ni zebaki hiyo," alisema. "Inabidi ukapimwe. Na uache kuchoma."

"Nikiacha, mdogo wako atasomea wapi?"

Alikunja ile karatasi akaitia mfukoni.

Wiki hiyohiyo akanipigia simu mama mkubwa, dada yake marehemu mama, anayeishi kijijini upande wa Kishapu. Sijui nani alimwambia. Alianza kulia kabla ya salamu. Akasema katika ukoo wao mtoto wa kwanza akiota jino la kwanza hupelekwa bondeni kwenye maji moto, yale yanayotoka yenyewe chini ya jiwe, akaogeshwa asubuhi tatu. Yeye mwenyewe, mtoto wa kwanza kwao, alipelekwa. Bibi alipelekwa. Mimi sikupelekwa, kwa sababu baba alikuwa na haraka ya kuhamia Geita kwenye dhahabu. "Sasa maji yanakutafuta, mwanangu. Ndiyo hayo yanayokutikisa."

Hapo ndipo akili yangu ilipoanza kwenda huku na huku. Kwa sababu mimi nakumbuka maji moto. Nina kumbukumbu moja ya zamani kuliko zote: nimeinamishwa, maji ya moto yanapita kisogoni, mkono wa mama umenishika chini ya kidevu, na kuna harufu ya kiberiti kilichowashwa sasa hivi. Miaka yote niliamini ni nyumbani, tunaogeshwa, na mama amewasha jiko. Nikamwambia mama mkubwa. Akasema, "Mtoto wa jino la kwanza hawezi kukumbuka kitu." Alisema kweli. Lakini je, kama nilipelekwa nikiwa mkubwa zaidi? "Ningejua," alisema. Na kama alijua akasahau? Hilo sikumuuliza.

Mdogo wangu alipokwisha kurudi chuoni, nami nilipanda basi la kwenda Shinyanga bila kujua kama naenda hospitali au naenda majini. Njia nzima, mpaka tulipopita Kahama na Buzwagi, nilikuwa nimekalia mikono yangu. Stendi nikawakuta wote wawili wananisubiri, mdogo wangu na mama mkubwa, wamesimama mbalimbali kama watu wasiojuana. Mdogo wangu ameshika bahasha. Mama mkubwa amejitwika beseni.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Twende, gari la Kishapu linajaa."

"Mama mkubwa, nimeshamwandikishia," alisema mdogo wangu. "Hospitali ni hapo tu."

"Hospitali itahama?"

"Haitahama."

"Basi."

Mdogo wangu akaniangalia ili niseme. Mimi nimezoea kuwasemea wao, si kusemewa, na siku ile kila nilichotaka kusema kilikuwa na kingine nyuma yake kinachokikanusha. Mwishowe yeye ndiye aliyetoa sharti. Atakuja nasi, lakini kama akikuta ni maji tu, Jumatatu naenda kupimwa.

"Na ukikuta si maji tu?" nikamuuliza.

"Sijui, dada. Usiniulize mambo ambayo sijasoma."

Tulilala kwa mama mkubwa, na kesho yake, Jumamosi, tukachukua bodaboda mpaka barabara ilipokwisha. Mpango wa mama mkubwa, ambao haukuihesabu Jumatatu ya mdogo wangu, ulikuwa tuoge asubuhi ile, tulale siku mbili kwa ndugu zake wanaokaa juu ya bonde, tuoge Jumapili na Jumatatu, ndipo turudi. Tukashuka kwa miguu. Vilima vya huko ni vya mawe makubwa yaliyobebana, na kati ya safu mbili bonde linazama ghafla, jembamba. Sikuona kibao wala uzio, wala mtu wa kupokea chochote. Njia ilikuwa ya ng'ombe. Kwenye kona ya mwisho harufu ikanipiga, ile ya kiberiti, nikasimama.

"Nini?" mdogo wangu aliuliza.

"Hii harufu naijua."

"Ni salfa. Hata maabara ya shule ilikuwa nayo."

"Mimi sikufika kwenye maabara."

Akanishika kiwiko, tukaendelea.

Maji yenyewe hayakuwa makubwa kama nilivyoyawaza. Yanatoka chini ya jiwe jeusi, na hapo yanapotoka huwezi kutia kidole. Yanafuka moshi mwepesi. Nyasi za pembeni zimekufa na ardhi imeota ukoko mweupe kama magadi. Kutoka hapo yanateremka, na watu, sijui watu gani na tangu lini, wamepanga mawe wakatengeneza vidimbwi vitatu, kimoja chini ya kingine, kila kimoja kimepoa kuliko cha juu yake. Kwenye kidimbwi cha mwisho alikuwa amekaa mzee mmoja mfugaji, suruali ameikunja, miguu majini mpaka magotini, fimbo ameiweka mapajani. Ng'ombe wake walikuwa juu kwenye mteremko. Hawakukaribia maji yale hata kidogo.

"Mwangaluka," mama mkubwa alimsalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu. Karibuni. Mimi ni goti tu, hili la kulia. Nyinyi mmeleta nini?"

"Mikono ya huyu."

Alinitazama mikono, nami nikaifumbata. "Kutoka wapi?"

"Geita."

"Ahaa, Geita," alisema, kana kwamba goti lake limepata mwenzake. Kisha akanyanyuka mwenyewe bila kuambiwa, akaenda kukaa nyuma ya jiwe akatugeuzia mgongo ili tuvue. Mgongo alitugeuzia, lakini mdomo hakuufunga. Alituuliza habari za mvua za huko, bei ya ng'ombe, na kama ni kweli watu wanalala ndani ya mashimo.

Nikajifunga kitenge, nikaingia kidimbwi cha kati. Maji yalinishika mwili mzima kwa mara moja. Mama mkubwa akaingia hadi magotini na beseni lake. Hapo ndipo alipotuambia jambo ambalo hakuwa ametuambia njiani: mgonjwa haruhusiwi kuyaambia maji shida yake. Anayemfuata tumboni ndiye anayemsemea. Wa pili humsemea wa kwanza, wa tatu humsemea wa pili.

"Mimi?" alisema mdogo wangu. Alikuwa bado amesimama nje, viatu miguuni.

"Mwingine ni nani? Vua viatu, shika maji, sema."

"Mama mkubwa, mimi siamini hivi vitu."

"Nani kakuuliza unaamini? Umeambiwa useme."

"Niseme nini?"

"Kinachomuumiza dada yako. Wewe si ndiye unayejua? Na useme Kisukuma. Maji haya hayajasoma."

Kule nyuma ya jiwe mzee alicheka mpaka akakohoa.

Mdogo wangu alivua viatu. Alichuchumaa ukingoni akatia vidole majini, akaanza kwa Kisukuma chake cha kubahatisha, kile cha mtoto aliyelelewa na dada badala ya mama. Alisema, huyu ni dada yangu, mikono yake inatetemeka. Akakwama. Akaendelea kwa Kiswahili, na mama mkubwa hakumkatiza.

"Anachoma zebaki jikoni. Amechoma tangu mimi niko shule ya msingi. Alikuwa akitufungia chumbani mimi na mdogo wetu, yeye anabaki na moshi." Akazamisha mkono mpaka kifundoni. "Mwaka jana darasani walitufundisha. Mwalimu alitaja mikono, akataja usingizi, akataja fizi. Nikamuona dada yangu ubaoni. Nilijua siku ile. Sikumwambia. Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja na nusu, nikasema nimalize kwanza, nikianza kazi nitamtoa. Likizo ya Disemba nilikuja nyumbani nikanyamaza. Likizo ya Aprili nikanyamaza. Hicho ndicho kinachomuumiza. Nimesema."

Mzee kule nyuma hakucheka safari hii. Hata wale ng'ombe niliona kama wametulia, ingawa nadhani ni mimi tu niliyeacha kuwasikia.

Ningependa kuandika kwamba nilikasirika, au kwamba nilimsamehe palepale. Sikujua nifanye lipi. Nilihesabu kwa haraka ni mara ngapi nimechoma kati ya Disemba na Aprili, nikaacha. Nikakumbuka kwamba Disemba ile alinipikia kila siku na kunifulia nguo, nami nikajisifu kwa wenzangu mwaloni kwamba mtoto wangu ana adabu. Nikajiuliza: kama angeniambia Disemba, ningeacha? Mtu wa kwanza kukataa ningekuwa mimi. Kwa hiyo alininyima nini? Lakini alininyima. Maji yalikuwa yamenifika kifuani na jasho linanitoka usoni, na sikujua kama nalia.

"Inatosha," mama mkubwa alisema. "Sasa oga."

Akanimwagia beseni kichwani, mara moja, mara mbili, mara tatu. Nikainama. Maji yalipopita kisogoni nilingoja ile kumbukumbu ije iseme kama ni hapa au si hapa. Haikusema. Ilikuwa kama vile, na haikuwa kama vile. Mkono wa mama mkubwa ulikuwa kwenye utosi wangu, si chini ya kidevu.

Nilipoinuka mwili wote ulikuwa mlegevu, mzuri, kama mtu aliyelala siku mbili. Mikono nikaiona imetulia. Kweli nikaiona. Nikataka kuhakikisha, na hapa ndipo nilipofanya kitu ambacho mpaka leo nikikikumbuka nafunika uso. Mtu mwingine angetunga uzi kwenye sindano. Mimi nilichukua beseni la mama mkubwa, nikachota mchanga wa chini ya kidimbwi, nikaanza kuuosha. Nilizungusha beseni kama ninavyozungusha karai kila siku ya Mungu, maji yanatoka na mchanga mwepesi, mzito unabaki, zungusha, mwaga, zungusha. Beseni halikutikisika. Mkia wa mchanga mweusi ukajipanga ukingoni, umenyooka kabisa.

"Imetulia!" nikapiga kelele. "Angalieni! Imetulia!"

Mama mkubwa akapiga vigelegele, bonde likavirudisha. Mzee akashindwa kujizuia, akageuka.

"Kuna kitu?" aliuliza.

"Mikono yake imepona!"

"Nauliza kwenye beseni. Kuna kitu?"

Na mimi, Mungu anisamehe, nikaangalia. Nikasogeza ule mchanga mweusi kwa kidole nikaangalia kama kuna rangi.

"Hakuna."

"Nyinyi watu wa Geita," alisema, "mkifika mbinguni mtaomba koleo."

Mama mkubwa alicheka huku akijipangusa machozi. Mdogo wangu hakucheka. Alikuwa amefungua chupa ya chai, akamimina kwenye kifuniko mpaka juu, akanipa.

"Shika, dada. Mkono mmoja."

Nikakipokea. Chai ilinimwagikia kwenye kifundo, kisha kwenye kitenge, kisha mle kidimbwini. Nilipokirudisha kilikuwa nusu.

"Beseni ni zito, na umelishika kwa mikono miwili," alisema polepole. "Kazi ile mikono yako inaifanya yenyewe. Hata siku ambayo hutaweza kushika kijiko, karai utalizungusha tu."

"Ni asubuhi ya kwanza," mama mkubwa alisema. "Zipo tatu. Mnaharakia nini?"

Nilikaa juu ya jiwe na kitenge kimenilowa, nikiwatazama wote wawili. Mmoja ananipenda na ana maji. Mmoja ananipenda na ana bahasha, na alininyamazia. Nilitamani mmoja wao awe mwongo, ningepumzika. Nilimuuliza mdogo wangu swali ambalo nilikuwa naliogopa tangu siku ya karatasi.

"Nikiacha, mikono itapona?"

"Sijui, dada. Wengine inapungua, wengine inabaki. Wapo ambao..." Akaacha.

"Na nisipoacha?"

"Hiyo najua."

Kule Rwamgasa kulikuwa na mtu ananisubiri Jumanne na udongo wake uliokwisha kusagwa. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Nilijijua. Nikimaliza asubuhi tatu nikiwa mlegevu hivi na mwenye raha hivi, nitasema nimepona. Mama mkubwa atasema nimepona, na Jumanne mlango wa jikoni utakuwa umefungwa. Hilo ndilo jambo pekee lililokuwa wazi kwangu siku ile yote. Maji sikuyajua, na ugonjwa sikuujua. Nilijijua mimi.

"Wanaanza kupima saa ngapi?" nikauliza.

Mdogo wangu alichelewa kuelewa. "Jumatatu? Saa mbili. Lakini ufike mapema, kuna foleni."

"Tukiondoka sasa tunapata gari la leo. Nataka nilale hapohapo mjini nisije nikabadilika."

"Na wa bwenini?" aliuliza. Sasa yeye ndiye aliyeogopa.

"Mwalo una kazi nyingi. Nitaosha udongo tu, kuchoma watachoma wenyewe. Pesa ikipungua imepungua, tutaona." Sauti yangu ilikuwa ya kawaida, ile ya kugawa ugali. Moyoni sikuwa na hakika hata moja. Sikujua kama mwenye udongo atakubali, wala kama mdogo wetu angemaliza muhula. Lakini watoto wale sikuwahi kuwaambia sijui, na nilikuwa sijajifunza kuanza.

Nikamgeukia mama mkubwa. Nilitegemea alie, au anilaani kidogo. Alikuwa anasuuza beseni, anaumwaga ule mchanga mweusi taratibu, kana kwamba na yeye anaangalia.

"Hakuna aliyewahi kuoga asubuhi moja akaondoka," alisema.

"Najua, mama mkubwa. Nisamehe."

"Marehemu mama yako naye alikuwa hivihivi. Anafanya nusu." Akaliweka beseni juu ya jiwe, akakaza kitenge chake kifuani. "Nendeni. Nitabaki mimi niyaoge haya mawili. Mimi na mama yenu tumetoka tumbo moja. Maji hayatajua tofauti."

"Mama mkubwa, na presha yako na joto hili!" mdogo wangu alishtuka.

"Wewe umeshasema yako leo. Nyamaza."

"Mimi nitamwangalia," alisema mzee kutoka kwenye jiwe lake. "Yaani sitamwangalia. Nitamsikiliza."

"Usinisikilize pia," mama mkubwa alimjibu.

Tukaanza kupanda. Mdogo wangu alibeba mkoba wangu, nami sikumkatalia, ingawa kwa kawaida mimi ndiye mbebaji. Alikuwa mbele, visigino vyake vimepasuka, na nilifikiri: visigino hivi nilivipaka mafuta vikiwa vidogo kama vidole gumba. Kisha nikafikiri, Aprili alinyamaza. Mawazo yote mawili yalipanda na mimi kilima kile na hakuna lililomtangulia mwenzake.

Karibu na juu tukasikia tunaitwa. Tukageuka. Mama mkubwa alikuwa mdogo kule chini, amesimama katikati ya kidimbwi, moshi unampita. Alikuwa ameweka viganja mdomoni.

"Ni upi unatetemeka zaidi?" alipaza sauti. "Niuelekeze!"

Mdogo wangu alinitazama. Niliinua wa kulia, juu kabisa, ili auone. Kisha, nikiwa sina hakika, nikainua na wa kushoto.